Rukiyo na Wimbo wa Mageti

Ukitaka kumharibia Rukiyo siku, usijisumbue kumtukana. Mwimbie ule wimbo wa mageti, kisha mtaje aliyeutunga. Uso wake utabaki vile vile, uso wa mwanamke mwenye heshima zake, muuza vitambaa wa soko la Suuq Mugdi, mke wa Olow mfanyabiashara wa ng'ombe. Lakini ndani moyo utakuwa umeanza kuchemka, na chai uliyomwekea itapoa bila kuguswa. Mimi sitamtetea. Rukiyo alikuwa na wivu, tena wivu wa kukosesha usingizi. Hakuwa na wivu wa mali, maana alikuwa nayo, wala wa mume, maana Olow hakuwa na muda wa kutazama kitu kisicho na pembe. Alikuwa na wivu wa wimbo.

Mtunzi wa wimbo huo ni Mulki Bishar. Wawili hawa walikulia pamoja upande wa Kotile, wakichunga mbuzi wa mama zao kwenye kichaka kimoja, na huko ndiko walikojifunza buraanbur, yaani mashairi ambayo wanawake wa Kisomali huyaimba harusini kwa ngoma na makofi, huku mmoja wao akiingia katikati kucheza. Buraanbur ina sheria zake. Shairi lote husimama juu ya herufi moja, na kila mstari lazima uwe na neno linaloanza na herufi hiyo. Rukiyo alizishika sheria hizo kuliko mtu yeyote. Shairi lake moja lilimchukua siku nyingi, akilipima, akilivunja, akilijenga upya, hata akawa anaongea peke yake dukani na wateja wakidhani anawahesabia mita. Mulki je? Mulki alitunga huku anakamua ngamia. Jambo hilo peke yake lilitosha kumkera Rukiyo tangu wakiwa wasichana.

Wote waliolewa Garissa. Rukiyo mambo yakamnyookea, duka likajaa, akawa ndiye anayealikwa kwenye harusi za wakubwa ili amsifu bibi harusi na ukoo wake. Alisifu vizuri, hilo hata maadui zake wanakubali. Tatizo la shairi la sifa ni kwamba linamalizika pamoja na wali wa harusi. Nani ataimba kesho sifa za binti wa watu wengine? Mulki alifiwa na mume mapema, akabaki kwenye nyumba yake ya udongo na mabati nje kidogo ya mji, akiuza maziwa ya ngamia kando ya barabara na kumsomesha mwanawe Hanad. Hakualikwa kwa wakubwa. Akija harusini alikaa nyuma karibu na masufuria.

Ndipo ukajengwa mtaa wa Barwaqo. Kama hujawahi kuuona, nitakueleza nyumba moja na utakuwa umeziona zote. Ukuta wa rangi ya krimu, mabati ya bluu, geti la kahawia lenye mikuki ya dhahabu juu. Ndani kuna zulia jekundu, makochi yale yale yaliyoshonwa na fundi yule yule, pazia zenye vishada, na runinga kubwa ambayo haizimwi hata wageni wakija. Wenyewe walijiwekea masharti: mbuzi wasiingie, kuni zisiwashwe uani, kibanda cha kienyeji kisijengwe hata cha kumpumzisha bibi kizee. Na hakuna aliyelalamika. Mmoja akipaka rangi, wiki hiyo hiyo wote wamepaka. Rukiyo na Olow walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuhamia, na Rukiyo alilia kwa furaha siku alipokabidhiwa funguo.

Akaandaa karamu ya kuingia nyumba, na kwa ukarimu wake, na pia, tuseme ukweli, kwa kutaka aonekane, akamwalika Mulki. Mulki alikuja na kibuyu cha maziwa na akapotea. Alibisha geti la kahawia, akakaribishwa, akavua viatu, akakaa kwenye kochi, akanywa chai na kula halwa, akamsifu mwenye nyumba kwa zulia lake. Alipouliza Rukiyo yuko wapi, mwenye nyumba akamwambia kwa upole kwamba Rukiyo haishi hapo. Alipofika mwishowe kwenye karamu yenyewe alikuwa anacheka mpaka kibuyu kinatetemeka. Wanawake wakamwambia aiimbie nyumba, kama ilivyo desturi. Mulki akasimama papo hapo na kuimba. Kwa Kisomali mistari yote ilisimama juu ya herufi G, ambayo kwa lugha hiyo ndiyo inayoanza maneno ya nyumba na geti na ngamia. Kwa Kiswahili naweza kukupa maana tu:

*Nimebisha geti la kahawia, kafungua nisiyemjua.*
*Nimebisha geti la kahawia, kafungua mwingine, pazia ni ile ile.*
*Enyi mlio ndani, mume akirudi mnajuaje kuwa ni wenu?*
*Ngamia wangu nimemtia alama shingoni asije akapotea.*
*Ninyi mmetiwa alama ya nani, na mwenye kundi yuko wapi?*

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Waliocheka kuliko wote walikuwa majirani wa Rukiyo, wenye mageti ya kahawia wenyewe. Rukiyo naye alicheka, kwa kuwa mwenye karamu hawezi kumnunia mgeni. Lakini alisikia jambo ambalo mtunzi mwenzake tu ndiye angelisikia: wimbo ule hautakufa. Yeye alikuwa ametunga shairi zima la kuingia nyumba, amelisuka wiki nzima, na ilipofika zamu yake watu walikuwa bado wanapangusa machozi ya kicheko.

Angenyamaza, labda mambo yangeishia hapo. Hakunyamaza. Alitunga jibu. Kwetu huku, anayelijibu shairi la mtu hulijibu kwa herufi ile ile, naye kabla ya kujibu ni lazima aliimbe kwanza lile analolijibu, na ataje limetungwa na nani. Kuimba shairi la mtu bila kumtaja ni wizi, sawa na kuokota mbuzi mwenye alama na kujifanya hukuiona. Basi Rukiyo, kila alipoalikwa harusini, alisimama na kusema: huu ni wa Mulki Bishar, wa Garissa. Kisha akauimba wote, kwa sauti yake nzuri ambayo Mulki hana. Watu wakaanguka kwa kicheko. Halafu akaimba jibu lake. Lilikuwa jibu la haki kabisa, ndani yake mna nyumba isiyovuja mvua ikija, mtoto anayesoma kwa taa, mwizi anayeshindwa kuruka ukuta. Hakuna mstari uliochechemea. Watu walilisikiliza kwa adabu, wakimtafuta kwa macho mtu wa chai.

Aliupeleka Wajir. Aliupeleka Griftu kwa jamaa za Olow, ambako watu huja mnadani na kurudi porini, hata geti la kahawia wengine hawajaliona, na huko nako wakauomba urudiwe. Mulki mwenyewe hakutoka Garissa. Wimbo wake ulipata gari la bure, na dereva alikuwa Rukiyo, mtu aliyetaka kuuzika. Alilijua hilo. Alisema moyoni kwamba siku moja jibu litawaingia, na kila harusi alirudi nyumbani na wivu ulioongezeka, akimkasirikia Mulki kwa kazi aliyoifanya yeye mwenyewe.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata nyumbani kwake wimbo ulikuwepo. Binti yake Idman alikulia Barwaqo, na akiosha vyombo aliimba wimbo wa mageti. Wenzake waliurekodi kwenye simu wakicheza mbele ya mageti yao wenyewe. Siku moja Rukiyo alishindwa kuvumilia, akamuuliza binti yake kwa nini anaimba wimbo unaomcheka mama yake, na jibu la mama yake halijui hata mstari.

Idman aliweka sahani chini. Akamkumbusha siku walipoambiwa shuleni wachore nyumba zao. Watoto wote wa Barwaqo walichora picha moja, na mwalimu, mgeni kutoka bara, akawasimamisha mbele ya darasa kwa kosa la kuigana. Walilia, hawakujua wajitetee vipi.

"Hooyo, jibu lako ni zuri," alimwambia mama yake, akimwita Mulki Eddo, yaani shangazi, kwa heshima, "lakini nikiimba ule wa Eddo Mulki ni kama kuna mtu alituona pale mbele ya darasa. Tukishauimba tunarudi ndani, na tunapenda nyumba yetu. Sisi hatutaki kuhama. Tunataka tu mtu aseme."

Rukiyo alimwambia amalize vyombo. Alitamani maneno hayo yangesemwa juu ya shairi lake, na alijua hayatasemwa kamwe.

Miaka ikaenda. Mwaka huu Idman akachumbiwa, na mwaka huu huu Hanad, mwana wa Mulki, aliyepata kazi nzuri katika ofisi za kaunti, akanunua nyumba Barwaqo na kumhamishia mama yake. Nyumba ya nne kutoka kwa Rukiyo. Ngamia walipelekwa kwa binamu porini. Mulki alionekana asubuhi amesimama nje ya geti lake akitazama huku na huku, kisha akiingia ndani kwa sababu hakuna la kutazama.

Wiki moja kabla ya harusi alikuja dukani. Alikaa kwenye kigoda kati ya vitambaa, akauliza hali ya kila mtu, akamwombea dua bibi harusi, akazunguka mpaka Rukiyo akajua kuna jambo. Hatimaye likatoka.

"Abaayo, dada yangu, nina ombi. Harusini usiuimbe ule wimbo wa mageti."

Rukiyo aliendelea kukunja kitambaa. Alimuuliza kwa nini, na wimbo ni wake mwenyewe.

"Niliutunga nikiwa nje," Mulki alisema. "Sasa wasichana wananiimbia nikienda dukani. Mke wa Hanad anaona haya. Majirani wananiuliza mwenye kundi wangu ni nani. Wallahi nimechoka nao. Uache ufe."

Rukiyo alisema atafanya hivyo, tena haraka mno, hata Mulki akamtazama. Ni lini alipata kuombwa jambo alilokuwa analitaka kuliko yote? Siku hiyo alifunga duka mapema na kupita sokoni akiwasalimia hata watu waliomkosea. Mtunzi mwenyewe ameukana. Hakuna tena sharti la kuuimba kwanza. Katika harusi ya binti yake ataimba jibu lake peke yake, na watu watalisikia hatimaye, bila ule wa Mulki kulitangulia na kuwamaliza.

Harusi ikafika. Baada ya alasiri wanawake walijaa kwenye hema lililofungwa mbele ya nyumba, udi ukifuka, madera ya kila rangi, dhahabu mikononi, ngoma katikati. Idman alikuwa amekaa juu kwenye kiti chake. Mulki alikaa safu ya mbele, kwa kuwa sasa ni jirani, pamoja na mke wa Hanad. Rukiyo kama mama wa bibi harusi alisimama, akatoa salamu, akaimba.

Aliimba vizuri kuliko siku zote. Na halikwenda popote. Jibu bila swali, nani atalielewa? Alisema hatukupotea, na wageni wa upande wa bwana harusi wakatazamana, nani kawaambia wamepotea? Alisema alama hatuna, na bibi mmoja akamuuliza jirani yake kwa sauti anayejibiwa ni nani. Rukiyo alimaliza, makofi yakapigwa ya kumsindikiza, akakaa akiwa na jasho mgongoni. Miaka yote alidhani wimbo wa Mulki ndio unaolikandamiza jibu lake. Kumbe ndio uliokuwa unalibeba.

Hapo akainuka msichana mmoja, Sahra, rafiki wa Idman aliyesoma naye, mwenyeji wa Wajir. Alichukua ngoma na kusema kama alivyofundishwa, akimtaja mtunzi kwanza:

"Huu ni wa Eddo Rukiyo, mama wa bibi harusi. Mama yangu aliusikia kwa mdomo wake."

Akaanza wimbo wa mageti.

Hema lilisimama lote. Wasichana waliingia katikati, Idman akateremka kwenye kiti chake na kucheza na vazi lake zito, mabibi waliokuwa wanasinzia wakapiga makofi juu ya vichwa vyao. Na kati ya mstari na mstari wageni wa Wajir walikuwa wanaliita jina la mama wa bibi harusi. Rukiyo. Rukiyo. Huko Wajir, katika kupokezana mdomo kwa mdomo, jina la Mulki lilikuwa limedondoka na la mwimbaji limeshika mahali pake. Mama wa bibi harusi alikaa akisikia vigelegele alivyovitafuta maisha yake yote, na vilikuwa vitamu. Nisikudanganye, vilikuwa vitamu sana. Alitazama upande wa Mulki akitarajia kuona hasira.

Mulki alikuwa anatabasamu. Aliweka mkono kifuani na kumwitikia kwa kichwa, taratibu: uchukue.

Yule mwanamke alikuwa anampa! Kitu ambacho Rukiyo asingeweza kukitunga hata angefunga duka mwaka mzima, mwenzake anakitoa kama dera kuukuu analompa mtumishi, na anashukuru kwa kupunguziwa mzigo. Utamu wote ukageuka shubiri. Wivu uliompanda wakati ule ulizidi wa siku ya karamu, ulizidi wa Kotile, kwa kuwa sasa alimwonea Mulki wivu hata wa kutojali kwake. Aliinuka akanyoosha mkono, ngoma ikanyamaza.

"Wimbo huu si wangu," alisema. "Ni wa Mulki Bishar. Anakaa nyumba ya nne kutoka hapa, geti la kahawia."

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika barabarani. Baadaye watu walimsifu Rukiyo kwa uaminifu wake, na yeye alizipokea sifa hizo kimya. Lakini haukuwa uaminifu. Aliahidi kutouimba, na hakuuimba. Alitaka tu Mulki abebe kilicho chake, aone uzito wake, aone haya mbele ya mkwe wake.

Mke wa Hanad aliinamisha uso. Mulki tabasamu lilimtoka, na Rukiyo akaiona aibu ikimpanda shingoni mwenzake, akafurahi, na papo hapo akajutia furaha yake. Kisha Mulki akasimama. Alijifunga shuka yake kiunoni, akaingia katikati, na bila kungoja ngoma akaanza, kwa ile ile herufi ya G:

*Geti la kahawia, sasa nalifungua mwenyewe kutoka ndani.*
*Alama niliyoicheka, nitazameni, nimetiwa shingoni.*
*Ngamia wangu akinijia leo, geti lipi atalibisha?*
*Mgeni akibisha simuulizi jina, namuuliza jambo moja:*
*umepotea, mwenzangu, au na wewe umehamia?*

Hakuna aliyecheka mara moja. Mwanamke mmoja mtu mzima wa safu ya nyuma alianza kulia, kisha akacheka, kisha hema lote likafuata, na mke wa Hanad, aliyekuwa ameinamisha uso, akawa wa kwanza kuinuka na kumtupia mama mkwe wake mtandio begani. Rukiyo alisikiliza kwa masikio ya fundi akitafuta mstari uliochechemea. Haukuwepo. Alikuwa ameutunga amesimama, kwa muda wa kufunga shuka.

Mulki aligeuka akamtazama, pumzi zikimwenda mbio.

"Haya, abaayo," alisema. "Nijibu."

Hilo hakuwahi kulisema. Miaka yote Rukiyo alikuwa akimjibu mtu ambaye hakumuuliza. Hema lote lilimgeukia mama wa bibi harusi, na Idman aliacha kucheza. Rukiyo alifungua kinywa. Herufi alikuwa nayo, maneno ya herufi hiyo aliyajua kuliko mtu yeyote mle ndani, wivu ulikuwa mbichi kama siku ya kwanza. Alitafuta la kupinga na hakuliona hata moja, kwa sababu asubuhi zile alimwona Mulki akitoka na kuingia, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama hivyo hivyo nyuma ya geti lake tangu alipopewa funguo.

Akachukua ngoma kutoka kwa Sahra. Alisema kwanza kwamba huu ni wa Mulki Bishar, kisha akauimba upya ubeti ule aliousikia mara moja tu, tangu mstari wa kwanza, kwa sauti yake nzuri, bila kuongeza neno.